Nihamie programu huria na seva yangu mwenyewe: nianzie wapi?

Msomaji wetu anauliza: "Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye Windows 10. Picha za watoto tangu wazaliwe ziko Google Photos, nafasi imejaa na sasa nalipia kila mwezi. Kaka yangu ananiambia nihame kabisa: niweke Linux, nitumie programu huria, niwe na seva yangu nyumbani ya picha, mafaili na barua pepe. Maelekezo naweza kuyafuata, ila ufundi sina. Mume wangu ameshasema picha zikipotea asisikie jina lake likitajwa. Nianzie wapi, na kipi nisikiguse?"

Dada, kaka yako amekufungia mambo mawili kwenye furushi moja, na ni heri uyatenganishe. Kutumia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuona na kuubadilisha, unaweza kuanza leo jioni, na ukichoka unarudi ulikotoka bila hasara yoyote. Kuendesha seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote ikihudumia vifaa vyako vingine, ni kazi ya kudumu: ikizimika, ikijaa au ikivamiwa, anayeitwa ni wewe. Kwa hiyo programu huria zipokee kwa mikono miwili. Seva jipe moja tu, ya picha, tena baadaye. Barua pepe usiiguse.

Anza na programu kabla ya mfumo endeshi, yaani Windows au Linux. Wengi hufanya kinyume: Jumamosi wanafuta Windows, Jumatatu hawajui pa kufungulia barua zao, Jumatano wamesharudi Windows na kuapa kwamba Linux ni ya wataalamu. Firefox ya kuvinjari, Thunderbird ya barua pepe, LibreOffice ya nyaraka na majedwali, VLC ya video na muziki, KeePassXC ya kutunza nywila: zote zinafanya kazi kwenye Windows kama zinavyofanya kazi kwenye Linux. Zisakinishe hapo hapo ulipo, uzitumie mpaka zikukae mkononi. Siku utakapobadilisha mfumo utazikuta zile zile.

Na kubadilisha itakubidi, kwa sababu Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa lile la chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mtu wa hali yako ningechagua Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, uizungushe bila kugusa diski. Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inaonekana? Ukifunika kompyuta inalala, na ukiifunua inaamka? Maswali hayo manne yakijibika, endelea. Moja likikwama, ujue hivyo kabla hujafuta chochote.

Kero ya kwanza itakuwa LibreOffice. Mtu atakutumia hati ya Word, utaifungua, utakuta mistari imehama na jedwali limesogea ukurasa wa pili. Mara nyingi tatizo ni fonti. Hati imeandikwa kwa Calibri au Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na hazipo kwenye Linux. Sakinisha Carlito na Caladea: hizo zimechorwa kwa upana ule ule, herufi kwa herufi, kwa hiyo mistari inakatika pale pale. Arial na Times New Roman nazo zina wenzao katika familia ya Liberation. Majedwali yenye makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, ni habari nyingine. Kama kazi yako inayategemea, bakiza Excel na usione haya. Na hati ambayo mwenzako hana haja ya kuihariri, mtumie PDF.

Katika orodha hiyo, ya kwanza kusakinisha ningeiweka KeePassXC, na sababu yangu ni kwamba haihitaji seva kabisa. Nywila zako zote zinakaa ndani ya faili moja yenye kiambishi kdbx, iliyofungwa kwa nenosiri kuu moja. Faili hiyo hiyo inafunguka kwenye simu ya Android kwa KeePassDX na kwenye iPhone kwa KeePassium. Kuna watakaokushauri uendeshe Vaultwarden, seva ndogo inayozungumza na programu za kutunza nywila za Bitwarden. Ni kazi nzuri, naiheshimu, lakini kwa anayeanza sioni sababu ya kuitegemeza nywila ya benki kwenye mashine ambayo bado hajajifunza kuitunza. Nenosiri kuu liandike kwenye karatasi, likae na vyeti vya kuzaliwa. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye droo yako, na mume wako atalihitaji siku ukiugua.

Pengine unajiuliza haya yote yana faida gani zaidi ya kutolipa. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, alichodai ni mtumiaji awe na haki ya kuitumia programu apendavyo, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa, na kuigawa ikiwa imebadilishwa. Wewe hutabadilisha hata mstari mmoja wa msimbo, na bado haki hizo zinakulinda. Mwaka 2010 wajenzi wengi wa OpenOffice.org hawakuridhika na Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun Microsystems pamoja na mradi huo. Wakachukua msimbo, wakaondoka nao, ikazaliwa LibreOffice. Mwaka 2016 Frank Karlitschek na wenzake walitoka ownCloud, programu ya kuendesha wingu lako mwenyewe, wakaanzisha Nextcloud. Desemba 2018, Emby, seva ya filamu na muziki, ilipofunga msimbo wake, walioukataa uamuzi huo walianzisha Jellyfin kutokana na toleo la mwisho lililokuwa wazi. Watumiaji wa Google Reader, huduma ya kusomea habari za tovuti mbalimbali, hawakuwa na njia hiyo. Walipiga kelele, wakasaini maombi, na tarehe 1 Julai 2013 huduma ikafungwa. Hata Google Photos unayoilipia, ahadi yake ya kuhifadhi bure bila kikomo ilikoma tarehe 1 Juni 2021.

Usidanganywe lakini kwamba msimbo ukiwa wazi basi ni salama. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Uwazi wa msimbo ndio uliomwezesha kufuatilia. Ila aliyeupandikiza alikuwa amejipenyeza kwenye mradi kwa muda mrefu, akichangia kazi halali mpaka akaaminiwa, mbele ya macho ya wote. Kwa mtumiaji wa kawaida hii ina maana moja ya vitendo: programu zitoke kwenye ghala rasmi la mfumo wako au F-Droid, ghala la programu huria, kwenye Android, na masasisho yasiahirishwe.

Sasa tufike nyumbani kwako. Kabla ya seva yoyote, jaribu Syncthing. Inaoanisha folda kati ya vifaa vyako moja kwa moja: ukipiga picha kwa simu, simu ikikutana na kompyuta kwenye Wi-Fi, picha inaingia kwenye diski ya kompyuta. Hakuna akaunti ya kufungua wala kompyuta ya kati inayoshika mafaili yako. Watu wengi walionieleza kwamba wanataka "wingu lao wenyewe" waliishia hapa na wakatosheka. Kwenye Android tafuta ile inayoitwa Syncthing-Fork, kwa kuwa ile ya awali iliacha kuendelezwa mwishoni mwa 2024. Faili lako la nywila nalo lisafiri kwa njia hii. Ukilihariri kwenye vifaa viwili kabla havijaonana, Syncthing haitafuta upande wowote. Itabakiza mafaili mawili, moja likiwa na maneno sync-conflict katika jina lake, na KeePassXC ina amri ya kuyaunganisha.

Kuna jambo ambalo lazima ulielewe, kwani ndipo wengi wanapoumia: kuoanisha hakuhifadhi. Mtoto akifuta folda kwenye simu, Syncthing kwa utiifu wake wote itaifuta na kwenye kompyuta. Unaweza kuiambia iweke matoleo ya zamani, na fanya hivyo, lakini hiyo bado si nakala rudufu. Nitalirudia hili.

Kama baada ya Syncthing bado unakosa kile Google Photos ilichokuzoesha, yaani kutafuta kwa sura ya mtu, kuona picha kwenye ramani, kumtumia bibi albamu, basi ndipo seva inapopata kazi, na jina lake ni Immich. Inafanana sana na ulichozoea, na utambuzi wa sura unafanyika ndani ya mashine yako. Kwa miaka kadhaa waundaji wake wenyewe walionya watu wasiitegemee kama mahali pekee pa kuweka picha; Oktoba 2025 ndipo walipotoa toleo la 2.0 na kulitangaza kuwa thabiti. Onyo lao la awali mimi naendelea kulitii, na wewe litii.

Kifaa chake? Ungeweza kuigeuza kompyuta yako ya zamani kuwa seva, lakini hiyo unaitumia. Kompyuta ndogo ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inatosha kabisa. Angalia umeme unaokula ikiwa imetulia: wati 10 mfululizo ni kama kWh 88 kwa mwaka, wati 60 ni zaidi ya 525. Zizidishe kwa bei ya yuniti unayolipa, ulinganishe na ada ya Google. Kuna watu hesabu hii pekee imewamaliza hamu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, inakula kidogo, ila usiiendeshe kwa kadi ya kumbukumbu peke yake. Hifadhidata inaandika mfululizo na kadi hizo hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Ukitumia kompyuta mpakato, betri yake itakuokoa umeme ukikatika, lakini izuie isijae zaidi ya asilimia 80 kama mashine inaruhusu, na uichungulie mara kwa mara isije ikavimba.

Usakinishaji wenyewe nitaupita haraka, maana tovuti ya mradi inaueleza vizuri kuliko mimi: unaweka Debian au Ubuntu, ambazo ni matoleo ya Linux, unaweka Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kasha lake, unapakua faili la maelekezo, unaandika pale picha zitakapokaa, unatoa amri moja. Soma maelezo ya toleo kabla ya kila sasisho. Dakika tano za kusoma zinakuepusha na usiku mzima wa kutafuta kwa nini haiwaki.

Kinachotaka utulivu zaidi ni kuzitoa picha kule ziliko. Google ina huduma ya Takeout inayokupa kila kitu katika mafaili ya zip. Utashangaa kuona kando ya kila picha kuna faili dogo la JSON; humo ndimo zinamokaa baadhi ya taarifa, kama tarehe uliyoirekebisha kwa mkono, maelezo na mahali. Ukizinyakua picha tu na kuyaacha mafaili hayo, picha za kuskani za harusi ya wazazi wako zitaonekana zimepigwa mwaka huu. Tumia programu huria ya immich-go, inayosoma JSON hizo na kuziingiza pamoja na picha. Ukimaliza linganisha idadi, kisha fungua miezi michache ya miaka tofauti uitazame kwa macho.

Usiifungulie seva njia ya kufikiwa kutoka kwenye intaneti. Utakutana na maelekezo yanayosema ufungue malango 80 na 443, yanayopitisha tovuti, kwenye ruta, ununue jina la kikoa, upate cheti cha bure cha Let's Encrypt. Yote ni kweli na yote yanafanya kazi, ila tangu dakika hiyo roboti za dunia nzima zinaanza kugonga, na hazilali. Weka WireGuard badala yake. Hiyo ni njia fiche iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na asiye na ufunguo hajibiwi hata neno. Simu yako ikiwa na ufunguo, unaiona Immich ukiwa popote kana kwamba uko sebuleni.

Kikwazo kinaweza kuwa mtoa huduma wako wa intaneti. Ingia kwenye ruta uangalie anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, mmewekwa wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna lango utakalofungua likafika kwako. Hapo tumia Tailscale, inayotumia WireGuard hiyo hiyo ndani yake na kuzikutanisha mashine zako zenyewe. Sehemu ya kati ya kampuni hiyo si huria, kaka yako atalalamika. Mwambie kuna Headscale, mbadala huria wa sehemu hiyo, na kwamba yeye ndiye atakayeiendesha.

Nilisema nitalirudia la nakala. Kanuni inayotajwa kila mahali ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja ni nakala moja kwa hesabu hii, kwa sababu amri moja ya kufuta, kirusi kimoja au moto mmoja unazimaliza zote. Tumia restic au BorgBackup. Zote mbili zinafunga data kwa usimbaji kabla haijaondoka, kwa hiyo diski ya nje unaweza kuiacha kwa dada yako, au ukakodi nafasi mtandaoni bila mwenye nafasi kuona chochote. Nenosiri la nakala hizo liwe kwenye ile karatasi. Likipotea hakuna wa kukufungulia.

Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kutunza data za watu ndiyo kazi yake, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Walipokwenda kwenye nakala zao wakakuta njia walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi, na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa kama sita kabla. Vilivyoandikwa katika saa hizo vilipotea. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa chukua kompyuta nyingine, rudisha albamu moja kutoka kwenye diski ya nje, uifungue. Kwa Immich kumbuka kuna vitu viwili: picha zenyewe, na hifadhidata ya PostgreSQL inayoshika albamu, majina ya watu na utambuzi. Immich yenyewe huchukua nakala za hifadhidata hiyo na kuziweka kwenye folda ya backups. Hakikisha folda hiyo nayo imo kwenye kile restic inachobeba.

Barua pepe. Kupokea si kazi, ugumu uko kwenye kutuma. Watoa intaneti wengi wa majumbani hufunga lango 25, ambalo seva za barua hutumia kutumiana. Ukilipita hilo, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai barua ziwe na uthibitisho wa mtumaji kwa SPF au DKIM, na Gmail inataka anwani ya IP iwe na jina linalorudi sawasawa. Ukitimiza yote bado anwani yako inaweza kuwa na sifa mbaya iliyoachwa na mtu mwingine, na ombi lako la kazi likaishia kwenye taka bila wewe kuarifiwa. Uhuru mkubwa zaidi kwa kazi ndogo zaidi ni kununua jina lako la kikoa na kumlipa mtoa huduma akuendeshee. Akikuudhi, unamhamisha na anwani yako haibadiliki. Barua zenyewe Thunderbird inazishusha kwenye diski yako.

Nextcloud utaisikia ikisifiwa kama jibu la kila kitu. Inaweza mengi: mafaili, kalenda, anwani, nyaraka za pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo ina mengi ya kuharibika, na huwezi kuruka toleo kuu moja kwenda la mbele yake. Ukiizembea miaka mitatu utapanda ngazi moja moja. Isubiri. Jellyfin ya filamu na Pi-hole ya kuzuia matangazo ni za kujifurahisha: zikifa leo hakuna picha wala faili lako lililopotea, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kujifunzia Docker kabla ya kugusa picha. Paperless-ngx, inayosoma na kupanga makaratasi uliyoyaskani, naipenda kwa sababu injini yake ya kusoma maandishi, Tesseract, ina data za Kiswahili. Risiti ya zamani unaitafuta kwa neno na inatokea.

Kuhusu mume wako, hoja yake ni ya msingi kuliko anavyofikiri. Mpe akaunti yake kwenye Immich, picha za simu yake zipande zenyewe, asilazimike kujua seva iko wapi. Andika ukurasa mmoja: mashine ipi, diski za nakala ziko kwa nani, nenosiri liko wapi, na kaka yako apigiwe kwa namba gani. Usiandike amri. Andika jinsi ya kuchomoa diski na kuona picha kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa siku atakayouhitaji ukurasa huo hatakuwa na hamu ya kujifunza Docker.

Google endelea kuilipia kwa sasa. Simu ipandishe picha pande zote mbili, Google na Immich, mpaka umepitia sasisho kubwa moja, umeme kukatika ghafla mara kadhaa, na albamu moja uliyoirudisha kutoka kwenye diski iliyo kwa dada yako. Hapo ndipo usitishe malipo. Usizifute picha za kule kwa mkono ukiwa ndani ya programu ya Google Photos kwenye simu: kufuta humo kunaweza kuziondoa na kwenye simu yenyewe. Futa kupitia kivinjari kwenye kompyuta, baada ya kuizima kwenye simu ile huduma ya kupandisha.